Chumvi ya Namba Tisa

Orodha ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya chifu, na kufikia saa nne kila mwenye shamba katika skimu ya mpunga ya chini ya mto Kuja alikuwa ameshaisoma au amesomewa. Serikali ilikuwa imetoa pesa. Si ahadi safari hii, pesa kweli, za kuondoa chumvi iliyokuwa ikipanda kutoka ardhini na kuua mpunga tangu mifereji ilipochimbwa bila njia ya kutolea maji. Shamba lililokutwa na chumvi lingechimbiwa mtaro, lingepewa magunia arobaini ya jasi ya kuvunja chumvi, na mwenyewe angepewa shilingi elfu kumi na nane za kumsukuma wakati shamba linatibiwa. Mwisho wa orodha palikuwa na onyo: shamba litakalokaa misimu miwili bila mavuno litarudishwa kwa skimu na kupewa mtu mwingine.

Kemuma alitafuta namba ishirini na saba. Aliipata chini kabisa. *27. Ombati. Halikupimwa. Mwenyewe hakuwepo.*

Juu kabisa ya orodha palikuwa na jina alilolijua vizuri. *9. Arasa. Chumvi kali sana.*

Aliisoma mara mbili, kisha akacheka kwa hasira mpaka watu wakamgeukia. Arasa alikuwa karani wa skimu na mzee wa kanisa lao la Kisabato. Shamba lake, namba tisa, lilikuwa pale mfereji unapoanzia, maji matamu ya mto yalikofika kwanza, na mpunga wake ulikuwa wa kijani kiasi cha kuudhi. Kama namba tisa ilikuwa na chumvi, basi hata asali ina chumvi.

Mumewe alimkuta akiwa bado amesimama pale.

"Twende nyumbani, Mama Emmah," Ombati alisema. "Karani atakuwa amekosea tu. Nitaongea naye pole pole."

"Uongee naye nini? Si wewe ndiye uliyemwachia udongo wako?"

Tangazo la kupima lilikuwa limesema Jumamosi, na kila mwenye shamba alitakiwa asimame shambani wakati udongo unachimbwa, aweke sahihi kwenye mfuko. Ombati alikuwa amekwenda kwa Arasa, ndugu katika imani, akamwuliza watu wa Sabato wafanyeje. Arasa akamshika bega. "Ndugu, nenda ukaabudu. Udongo wako nitausimamia mimi. Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, Bwana hakusema atolewe?" Na Ombati akaenda kanisani na familia yake yote, akaimba kwa moyo mweupe.

*

Aliyewafungua macho alikuwa Ryoba, Mkuria wa kutoka Kegonga aliyeajiriwa kibarua cha kuchimbia wapimaji. Alipita Alhamisi kuomba maji ya kunywa, akasimama mlangoni akitazama shamba lao, lililokuwa jeupe kama ukumbi uliomwagiwa unga.

"Mama, hapa nakumbuka," alisema. "Mimi ndio nilishika ile chuma ya kuchimba. Tulitoa udongo hapa mashimo matatu."

Kemuma aliweka kikombe chini. "Hapa kwetu? Una hakika?"

"Si ni hapa karibu na choo yenyu ya mabati? Karani alikuwa hapo amesimama. Akaandika mfuko yeye mwenyewe."

"Aliandika namba gani?"

Ryoba alikuna kichwa. "Tisa. Nilimuliza, akasema nichimbe nisiulize. Na kule kwake hatukuchimba kitu. Alitupatia soda."

Alipoondoka, Kemuma alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono juu ya magoti. Mwizi wa kuku huiba kuku. Huyu alikuwa ameiba ugonjwa wa shamba la mwenzake, akapeleka kutibiwa la kwake lenye afya. Kemuma hakuwahi kusikia wizi wa namba ile, na ndani ya hasira yake alijikuta akiustaajabia. Kisha akauchukia upya.

*

Walikwenda Homa Bay, yeye na Ombati, kwa nauli ya kuku wawili. Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la nyavu. Kijana wa mapokezi aliwaacha benchini kutoka saa tatu hadi saa saba, akaenda kula samaki, akarudi akichokonoa meno.

"Nyinyi ni wa skimu? Malalamiko lazima ipitie kwa karani wenu. Mlete barua yake na muhuri."

"Karani ndiye tunayemlalamikia," Kemuma alisema.

"Ndio nasema, mama. Mlete barua yake."

Ombati akasema asante. Akasema asante, na akainama! Kemuma alimtazama mumewe akishuka ngazi na kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba ya ndoa alitamani kumsukuma. Walikuwa wameuza kipande chao cha Kisii, kule mto huu huu unakoitwa Gucha, ili waje wanunue haki ya kulima hapa chini. Msimu wa kwanza ulikuwa umeshapotea. Wa pili ukipotea, hawakuwa na pa kurudi. Hilo Ombati alilijua kama alivyolijua jina lake, na bado akainama.

Ili watoto wapate kula, Kemuma alianza kukwangua ile chumvi. Aliikwangua kwa kisu asubuhi kabla ya upepo, akaichuja, akaichemsha, akaipeleka soko la Uriri kuuza kama magadi ya kupikia mboga. Wanawake wa Kijaluo waliyaita *bala*, na walijua bala ni nini. Waliramba kwenye ncha ya kidole, wakatema.

"Hii ni chungu, mama," mmoja alisema. "Hii itaharibu mboga yangu ya akeyo. Wewe unatoa hii wapi?"

"Kwa shamba langu."

"Aa, pole. Shamba yako imekufa." Akanunua kopo moja kwa huruma, jambo lililouma kuliko kama asingenunua.

Moraa, mke wa Arasa, naye alipita siku hiyo na kikapu kipya. Alisimama, akachota magadi kwa vidole viwili, akayaachia yamwagike nje ya kopo.

"Mama Emmah, siku hizi umekuwa mwanamke wa sokoni? Punguza bei basi, sisi si ni watu wa nyumba moja?"

"Chukua tu, Moraa. Bure. Hata chumvi ile nyingine mlichukua bure."

Uso wa Moraa ulibadilika, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Kwa hiyo alijua. Aliondoka bila kuchukua, na Kemuma akabaki akikusanya magadi yaliyomwagika pamoja na vumbi la soko.

*

Mwezi wa tatu, mpunga wa namba tisa ukiwa umefika magotini, Arasa alikuja nyumbani kwa Ombati saa kumi alasiri. Alibeba kilo mbili za sukari na tabasamu la mzee wa kanisa. Aliomba, akakaa, akasifu watoto, kisha akakohoa.

"Ndugu Ombati, kuna jambo dogo. Serikali kabla ya kutoa fungu la pili inataka kuhakikisha la kwanza lilikwenda mahali pake. Injinia anakuja Jumanne na kipimo. Anatumbukiza tu ardhini, kinasema kama kuna chumvi."

"Na kwako hakuna," Kemuma alisema.

Arasa hakumtazama. Aliongea na mume. "Kwa siku moja tu. Nitabadilisha vile vibao vya namba. Kibao cha tisa kije hapa, cha ishirini na saba kiende kule. Mimi nitasimama hapa, wewe utasimama kule. Akiondoka, tunarudisha. Na fungu la pili, jina lako la kwanza. Nakuahidi mbele za Mungu."

"Huo ni uongo, mzee," Ombati alisema kwa sauti ya chini. "Amri ya tisa."

"Uongo ni wa mdomo. Wewe usiseme kitu, simama tu." Sauti ya Arasa ikapoteza asali. "Au kumbuka kuwa daftari la misimu miwili ninalishika mimi. Mwezi wa sita si mbali."

Ombati alifungua mdomo akatae. Kemuma alimtangulia.

"Tumekubali."

Wanaume wote wawili walimgeukia. Arasa alitabasamu, akainuka, akapangusa suruali. Katika hesabu zake zote alikuwa amesahau kwamba mwanamke anayekubali haraka hajakubali. Lakini alikuwa amezoea kuwadharau watu wale kwa muda mrefu, na dharau hupofusha.

Alipotoka, Ombati alisema, "Umenivunjia nyumba, Mama Emmah. Unataka nisimame shambani mwa mtu nidanganye?"

"Simama tu ukae kimya. Wewe si unajua sana kukaa kimya? Siku hiyo kitatufaa."

Sukari ile aliipeleka kwa rafiki yake, Risper, Mjaluo mwenye ulimi mkali ambaye mpaka wa shamba lake uligusana na namba tisa. Risper naye alikuwa na lake na Arasa: zamu yake ya maji ilikuwa ikifungwa kila wiki. Walikaa jikoni kwa Risper nusu saa, na kicheko cha Risper kilisikika mpaka barabarani.

*

Jumanne Injinia Priscah alifika na Land Rover ya ofisi, buti za mpira na kofia pana. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Walianza kwenye ardhi nyeupe karibu na choo cha mabati, ambapo kibao cha tisa kilisimama kimechomekwa alfajiri ile, na Arasa kando yake katika koti. Priscah alitumbukiza kipimo, akakisoma, akakunja uso.

"Mzee, ulipewa magunia arobaini ya jasi?"

"Ndiyo, madam."

"Uliyaweka?"

"Yote, madam."

"Hapana. Chumvi iko vile vile." Aliandika. "Utayanunua mwenyewe, uyaweke kabla ya mwezi wa tano. Nitarudi. Nisipoyaona, utajibu mahakamani."

Magunia yale Arasa alikuwa ameshayauza Migori. Lakini fungu la pili lingekuwa kubwa, akajisemea, litafidia.

Wakaenda mpaka mdomo wa mfereji. Mpunga ulikuwa ukiyumba, mzito, na katikati ya kijani kile Ombati alisimama na kofia mkononi kando ya kibao cha ishirini na saba. Kipimo kilitumbukizwa.

"Hili ni safi kabisa," Priscah alisema. "Nyinyi hamhitaji mradi."

Ombati alikaa kimya. Arasa akaanza kugeuka kurudi kwenye gari. Ndipo Kemuma alipotoka nyuma ya Risper, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Madam, nina ombi. Jina letu halijaandikwa vizuri hata siku moja. Siku ya kupima tulikuwa kanisani, karatasi ikasema hatukuwepo. Na leo tupo. Tunaomba utuandike hapa hapa, utuchoree mipaka, upige muhuri, ili kesho asije mtu kusema hatukuwepo."

"Kadi yenu ya shamba iko wapi?"

"Kadi hatukupewa. Muulize karani."

Priscah alimgeukia Arasa. "Kwa nini mkulima hana kadi?"

"Madam, hiyo... hiyo tutafanya ofisini. Wiki ijayo. Jua ni kali."

"Jua si kali. Nina kadi kwenye gari."

Alizileta. Alipima kwa kamba, akahesabu hatua, akachora: kaskazini mfereji, kusini Risper, magharibi njia ya ng'ombe. Jasho lilikuwa likimtoka Arasa kwenye kola. Alimtazama Kemuma, na Kemuma akamtazama yeye, bila kupepesa.

"Jirani gani anashuhudia?"

Risper alisogea na kidole gumba mbele kabla hajaitwa. "Hapa ni kwa Ombati, madam. Tangu maji ifunguliwe. Mpunga yake mimi huonea wivu kila siku." Akakichovya kwenye wino, akakibonyeza kwa nguvu, kisha akamnong'oneza Kemuma, "Mimi sio Msabato. Kidole yangu haina shida."

"Na karani atie sahihi," Priscah alisema. "Mzee, shamba hili ni la Ombati, au kuna tatizo?"

Kulikuwa na watu kama ishirini pale. Mto Kuja ulikuwa ukisikika. Arasa angeweza kusema, Hapana, hili ni langu. Lakini basi lile jeupe lilikuwa la nani, na udongo wa mfuko wa tisa ulitoka wapi, na elfu kumi na nane ziko wapi, na magunia arobaini? Njia zote za kutokea alikuwa ameziziba kwa mikono yake mwenyewe.

"Hakuna tatizo, madam," alisema, akatia sahihi. Kalamu ilikwama mara mbili.

Priscah alipiga muhuri juu ya boneti la gari, akampa Ombati kadi. Ombati aliipokea kwa mikono miwili, hivyo hivyo alivyopokea kila kitu maishani.

*

Kesho yake asubuhi Arasa alimkuta Kemuma ndani ya mpunga, akipalilia.

"Mama Emmah, mchezo umekwisha. Ilikuwa siku moja."

"Siku moja ya nani?"

"Toka shambani kwangu!"

"Sawa. Nenda Homa Bay uwaambie ni kwako. Nauli ukikosa nitakupa, nina kuku mmoja amebaki." Akainama, akaendelea kung'oa magugu. "Na uwaambie upesi, kwa sababu shamba lako lina chumvi kali sana. Nilisoma mlangoni kwa chifu."

Arasa hakwenda Homa Bay. Alikwenda kwa mchungaji, akasema kuna familia kanisani inayotamani mali ya jirani. Mchungaji akauliza ni mali gani. Arasa akakaa, akafikiri, akasema tuiombee tu.

Fungu la pili lilikuja. Halikuja na pesa za mkononi; lilikuja na makandarasi, wakachimba mtaro katika ile ardhi nyeupe wakaondoka, na watu walisema itahitaji miaka minne, pengine mitano, kabla mpunga haujaota pale. Moraa alionekana akikwangua kwa kisu asubuhi kabla ya upepo. Arasa aliuza ng'ombe wanne kununua jasi.

Nyumbani kwa Ombati palikuwa na ugomvi wa kimya. Kemuma alivuna mwezi wa sita, magunia kumi na tisa, akapika wali wa kwanza, akaupakua. Ombati alisukuma sahani.

"Huu ulipandwa na Moraa."

"Ndiyo. Na mashimo matatu yalichimbwa kwangu. Kula."

"Siwezi, Mama Emmah. Moyo unakataa."

Alikula ugali mkavu siku tatu. Siku ya nne Kemuma alimkuta jikoni amesimama, akila wali baridi kutoka kwenye sufuria kwa mkono, haraka haraka. Alirudi nyuma polepole asimwaibishe.

*

Sabato ya mwisho ya mwezi huo ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kabla ya mkate na divai, waumini hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume kwenye banda la nje, wanawake kwa wanawake ndani ya kanisa, na desturi ni umtafute yule mliyekosana naye.

Moraa alivuka kanisa zima na beseni la maji, akapiga magoti mbele ya Kemuma. Alimwosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaukausha kwa taulo. Machozi yalikuwa yakimdondokea.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe."

Wakabadilishana. Kemuma akapiga magoti, akaushika mguu wa Moraa, na vidole vyake vikagusa nyufa kwenye kisigino, kavu, zenye kingo nyeupe. Alizijua nyufa zile za chumvi. Alijua zinavyochoma maji yakiingia, kwa hiyo alimwagia taratibu, kiganja kwa kiganja, na Moraa akauma mdomo.

"Mimi sikuandika kitu kwa mfuko, Mama Emmah," Moraa alinong'ona. "Niliambiwa tu."

"Najua."

"Basi mturudishie hata nusu. Kwa ajili ya watoto."

Kemuma alikausha kidole kimoja kimoja, mpaka kile kidogo. Alihisi huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Lakini chini yake palikuwa na kitu kigumu zaidi, na hakutaka kukisukuma.

"Miguu nimeiosha," alisema. "Shamba ni la nani, muulize mume wako aseme mbele ya watu. Akisema, nitatoka siku hiyo hiyo."

Alibeba beseni akatoka kumwaga maji. Kwenye banda, Arasa alikuwa amepiga magoti mbele ya Ombati. Alikuwa bado hajamwosha. Alikuwa akiongea, kichwa chini, haraka, kwa sauti ambayo wanaume wengine hawakuisikia, ingawa Kemuma alijua ni shamba analoomba, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kifundo cha mguu wa Ombati kama mtu anayeshika tawi mtoni. Ombati alisikiliza mpaka mwisho. Kisha Kemuma akamwona mumewe akiuvuta mguu ule, ukiwa bado mkavu, akainama bila haraka, akavaa soksi, akavaa kiatu, akafunga kamba.

Kemuma alimwaga maji kwenye nyasi. Alikuwa na furaha, na alijua haikuwa furaha ya kuingia nayo mezani. Akaingia nayo hivyo hivyo, akakaa mahali pake, akangoja mkate.